Husuda baina ya Vijana Wawili Marafiki

 

Watu wakitaja husuda, fikira zao huwaendea wenye maduka wawili wa mtaa mmoja, au wake wenza walio chini ya mume mmoja, au ndugu waliogombania urathi. Ni wachache wanaowafikiri vijana wa miaka 13 au 15, wanaotoka chuoni wameshikana mikono, wanaokula sahani moja na kulala mkeka mmoja. Hao huitwa watoto, na ugomvi wao huitwa utoto. Nasi twasema ya kuwa hapo ndipo panapopasa kutazamwa kwanza. Mti wa husuda unaowadhuru watu wazima haukuota siku ile walipofungua maduka yao. Ulipandwa walipokuwa hawajaota ndevu, na aghalabu walioupanda ni wazee wao na walimu wao, pasi na kujua.

MAANA YA HUSUDA

Wanavyuoni wetu wameeleza kuwa husuda ni mtu kuichukia neema aliyopewa mwenziwe na kutamani imwondokee, hata kama yeye mwenyewe hataipata. Ama mtu akiiona neema ya mwenziwe akatamani naye apewe mfano wake, wala asitake ya mwenziwe iondoke, hiyo si husuda. Huitwa ghibta, na katika mambo ya kheri ni jambo la kusifiwa. Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amewataja watu wawili ambao inafaa mtu kutamani kuwa kama wao: mmoja ni aliyepewa mali akaitoa katika njia ya haki, na wa pili ni aliyepewa hekima akahukumu kwayo na kuwafundisha watu.

Tofauti hii ni nyepesi kuisoma kitabuni, lakini ni nzito kuiona katika moyo wa kijana. Asubuhi humtamani mwenziwe kwa wema, akasema: laiti nami ningekuwa msomaji kama yeye. Jioni, baada ya neno moja la baba au mwalimu, tamaa ile ile hugeuka ikawa kinyongo. Mpaka uliopo baina ya mambo haya mawili ni mwembamba, na mara nyingi mwenye kumsukuma kijana auvuke ni mtu mzima.

HUSUDA HUKAA KARIBU

Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, katika Ihyaa Ulumid-Din ametoa kitabu kizima kueleza ubaya wa ghadhabu, kinyongo na husuda. Miongoni mwa aliyoyabainisha ni kuwa husuda huzidi baina ya watu wanaokutana katika jambo moja. Mwanachuoni humhusudu mwanachuoni, na fundi humhusudu fundi wa kazi yake. Mtu aliye mbali nawe, asiyetaka unachokitaka, hana haja ya kukuhusudu.

Sisi tulio kando ya ziwa twaliona jambo hili kila siku. Mvuvi wa Dunga hamhusudu kinyozi wa mjini. Humhusudu mvuvi mwenziwe ambaye wavu wake umerudi na ngege, ilhali wake yeye umerudi na gugu maji. Ziwa ni moja, na pwani ni moja, na soko ni moja; hapo ndipo moyo unapochomeka.

Basi ikiwa ni hivyo, ni nani aliye karibu na mwenziwe zaidi kuliko vijana wawili marafiki? Umri wao mmoja, darasa lao moja, mpira wao mmoja, na kila mmoja anatafuta jambo lile lile: atazamwe na kusifiwa na watu wazima anaowapenda. Kwa hiyo urafiki wa vijana na husuda yao hukaa katika chumba kimoja. Asishangae mzazi akiona ya kwamba mwanawe amemchukia yule yule aliyekuwa hawezi kula bila yeye.

Wasomaji wetu wa Mombasa na Malindi wajue kuwa mji wetu huu wa Kisumu ni mji wa watu waliokusanyika. Watu wa pwani walikuwa wakifika Mumias kwa misafara kabla ya kuja reli. Na reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mahali hapa palipokuwa pakiitwa Port Florence, wakaja wengi zaidi. Leo katika msikiti mmoja utamkuta Mswahili, Mnubi wa Kibos, Msomali, Mhindi, Mjaluo na Mluhya, na watoto wao huketi jamvi moja. Hii ni neema kubwa. Lakini mahali walipokusanyika wengi, mizani ni nyingi pia: mtoto wa nani ana sauti nzuri, mtoto wa nani amehifadhi juzuu ngapi, mtoto wa nani amepata alama za juu skuli.

Tuseme kuna vijana wawili wa chuo kimoja, wote wana miaka 14. Mmoja ni mwepesi wa kuhifadhi, na mwenziwe ni mzito lakini ana bidii. Miaka mitatu wamekuwa wakisikilizana masomo yao barazani. Yafika Ramadhani, na mashindano ya Qurani yatangazwa. Yule mwepesi ashinda, apewa zawadi mbele ya watu, na picha yake yazungushwa katika simu za mji mzima. Usiku ule, wakati wa daku, baba wa yule mwingine amwambia mwanawe: Mtazame mwenzako! Nyote mwafundishwa na mwalimu mmoja. Wewe una nini?

Baba alidhani amemtia mwanawe hima. Kwa hakika alichomtia ni sumu. Tangu siku ile kijana yule hakumpiga rafikiye wala hakumtukana. Mwalimu alipobadilisha saa ya darasa, alinyamaza asimwambie. Wenzake walipomsingizia rafikiye kuwa ana kiburi, alinyamaza asimtetee. Na rafikiye alipokuja barazani kama ada yake ili wasikilizane, alisema anaumwa na kichwa. Hakuna aliyeona kosa, na urafiki wa miaka mitatu umekufa bila ya kelele. Ewe msomaji, ni mara ngapi jambo kama hili limepita nyumbani mwako?

KISA CHA NABII YUSUF NA NDUGUZE

Mwenyezi Mungu ametupa Sura nzima, yenye aya 111, ambayo chanzo cha matukio yake ni husuda ya ndugu. Katika aya ya 8 twaambiwa malalamiko yao: kwamba Yusuf na nduguye wanapendwa na baba yao kuliko wao, hali wao ni kundi lenye nguvu. Na katika aya ya 9 walishauriana wamuue au wamtupe mbali, ili uso wa baba yao uwaelekee wao peke yao.

Tuizingatie aya hii. Ndugu hawa hawakutaka kanzu ya Yusuf wala mali yake. Walitaka uso wa baba yao. Husuda yao ilikuwa ni njaa ya mapenzi iliyopotea njia, na ndiyo njaa iliyomo katika nyoyo za vijana wengi tunaowaita wabaya. Wenyeji wetu husema kuwa hasidi hana sababu. Neno hili ni kweli kwa maana ya kuwa hana udhuru. Wale ndugu hawakuwa na udhuru mbele ya Mungu wala mbele ya baba yao. Lakini sababu na udhuru ni vitu viwili. Mwenye kutibu hutafuta sababu ya ugonjwa hata kama mgonjwa amejitakia mwenyewe, na asiyetafuta sababu hawezi kutibu.

Wala tusije tukamtupia lawama Nabii Yaakub (A.S.). Mapenzi ya moyo hayamo katika mamlaka ya mtu. Tazama alivyofanya. Yusuf alipomhadithia ndoto yake, katika aya ya 5, neno la kwanza la baba lilikuwa ni kumwonya asiwahadithie nduguze, wasije wakamfanyia vitimbi. Baba alijua kwamba mmoja katika wanawe amepewa jambo kubwa, na kwa kulijua akalificha, ili amlinde aliyepewa, na awalinde pia wasiopewa wasiingie katika dhambi. Na sisi je? Twaijua neema ya mtoto mmoja, kisha twapanda nayo juu ya jukwaa na kuipigia kelele mbele ya nduguze na rafiki zake, halafu twastaajabu wakichimba kisima.

Tena tutazame mwisho wake. Siku ndugu wale waliposimama mbele ya Yusuf wakiwa hawana kitu, aliwaambia katika aya ya 92 kuwa hapana lawama juu yao siku hiyo, na akawaombea msamaha. Na katika aya ya 100, alipozitaja neema za Mola wake, alitaja kutolewa kwake gerezani, wala hakutaja kutolewa kisimani. Wafasiri wamesema kuwa aliacha kutaja kisima asije akawaaibisha nduguze. Huo ndio upeo wa udugu: mtu kukisahau kisima kwa ulimi wake, hata kama mwili wake unakikumbuka.

YUSUF NA KHALIL KATIKA RIWAYA YA PEPONI

Huenda akatokea mwenye kuuliza: Sheikh na riwaya wapi na wapi? Twamjibu ya kuwa riwaya si hoja ya sheria, wala hatuitii katika daraja ya Qurani, Mungu apishe mbali. Lakini riwaya njema ni kioo cha hali za watu, na vijana wetu wazisoma tukitaka tusitake. Ni kheri wazisome nasi kuliko wazisome peke yao.

Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kuhamia Uingereza akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964, aliandika kwa Kiingereza riwaya iitwayo Paradise, iliyotoka mwaka 1994. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, na riwaya hiyo ikatafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Habari zake ni za pwani na bara ya Tanganyika tangu zama za Wadachi mpaka vilipokaribia vita vya 1914. Habari za misafara kama ile iliyowaleta wazee wetu Mumias, ila njia ni nyingine.

Kijana wa riwaya hii naye huitwa Yusuf. Ana miaka 12 pale baba yake anapomtoa kwa tajiri aitwaye Aziz, awe rehani kwa deni lisilolipika. Yeye adhani huyo ni ami yake na kwamba anakwenda kutembea. Afikapo dukani kwa tajiri amkuta Khalil, kijana wa miaka 17 au 18, ambaye naye aliwekwa rehani kwa deni la baba yake. Khalil ndiye anayemfumbua macho: amwambia kuwa yule si ami yake bali ni bwana wake. Amfundisha kazi ya duka, na usiku walala pamoja barazani.

Basi tupime kwa mizani ya Imamu Ghazali. Vijana wawili, duka moja, bwana mmoja, hali moja. Khalil ni wa kwanza na Yusuf ni mgeni. Yusuf ana uzuri ambao kila mtu ausifu. Kisha bwana amchukua Yusuf katika safari za bara, aone milima na nchi na watu, na Khalil abaki palepale akipima mchele na sukari kwa watu wa mtaani. Kila sababu ya husuda imekusanyika hapo. Mtu angetarajia kuwa Khalil ndiye atakayekuwa mfano wa wale ndugu wa kisimani.

Lakini mambo yaenda kinyume. Mwandishi amechukua mengi katika kisa cha Nabii Yusuf: uzuri wa kijana, na ndoto zake, na mke wa bwana anayemtamani, na hata nguo iliyochanwa kwa nyuma. Ila husuda ya nduguze hakumpa Khalil. Khalil amdhihaki mwenziwe, amkemea, amkasirikia. Na Yusuf anaporudi kutoka safarini ampokea kwa furaha kama nduguye wa tumbo moja. Aliyekuwa na haki zaidi ya kuona kijicho ndiye aliyechagua kuwa ndugu. Na waliomtia Yusuf kisimani si vijana wenziwe. Ni wazee: baba aliyelipa deni lake kwa mwanawe, na tajiri aliyekubali kumpokea mtoto mahali pa fedha.

Yapo mahali katika riwaya ambapo Khalil amkataza Yusuf kwa ukali asiingie ndani ya nyumba ya bwana, kwa bibi yule. Msomaji aweza kuuliza: je, huu ni wivu au ni nasaha? Hili ni swali zuri la kuwauliza vijana. Alama ya kutofautisha ni hii: mwenye husuda hukuzuia usipate kheri, na mwenye nasaha hukuzuia usipatwe na shari. Khalil aliijua shari ya nyumba ile kabla ya mwenziwe.

Na mwisho wa riwaya ni wa huzuni. Yusuf aondoka mbio kufuata kikosi cha askari wa Kidachi, na Khalil abaki. Udugu wao ulikuwa wa kweli, lakini haukuweza kuwakomboa, kwani wote wawili walikuwa mali ya mtu mwingine. Hapa pana fundisho ambalo wazee hatupendi kulisikia: vijana waweza kupendana wapendavyo, lakini urafiki wao hauwezi kubeba mzigo wa dhuluma yetu.

WAJIBU WETU

Kwa hayo yaliyotangulia twaona ya kuwa dawa ya husuda ya vijana yaanza kwa wazee. Nasi twataja mambo matano.

La kwanza, tusimpime mtoto kwa mwenziwe. Akikosa, aambiwe kosa lake. Akishinda, asifiwe kwa juhudi yake. Apimwe kwa jana yake mwenyewe: jana ulihifadhi aya tatu, leo umehifadhi nne.

La pili, uadilifu katika kutoa. Amesimulia Nuuman bin Bashir kuwa baba yake alimpa zawadi, kisha akaenda kwa Mtume (S.A.W.) amshuhudishe. Mtume akamwuliza kama amewapa wanawe wote mfano wake. Aliposema la, akamwamrisha amche Mungu na afanye uadilifu baina ya wanawe, na baba akairudisha zawadi ile. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Mwalimu naye ana wana, nao ni wanafunzi wake.

La tatu, tuufanye ushindi wa mmoja uwe ni ushindi wa wawili. Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni alikiri, katika Surati Qasas aya ya 34, kuwa nduguye Harun ni mfasaha kuliko yeye, na akamwomba Mola wake ampe awe msaidizi wake. Hakuuonea kijicho ulimi wa nduguye, bali aliutaka usimame pamoja naye. Basi katika mashindano yetu na wapewe zawadi wawili wawili, aliyesoma na aliyemsikiliza. Vyuo vyetu vikifanya hivyo Ramadhani moja tu, tutaona tofauti.

La nne, kijana aliyepewa kipawa afundishwe adabu ya kukichukua: asijigambe, asimcheke aliye nyuma, na amshirikishe rafikiye katika alichokipata. Na sisi tusizungushe picha yake kila mahali. Hiyo ndiyo sunna ya Nabii Yaakub.

La tano, kijana aliyepatwa na husuda asifukuzwe wala asiitwe hasidi. Aambiwe kuwa jambo hili huingia katika nyoyo, na kwamba mtu huandikiwa dhambi akilifuata. Kisha afundishwe dawa ya Imamu Ghazali: afanye kinyume cha inavyomwamrisha husuda. Ikimwambia amseng'enye mwenziwe, amsifu. Ikimwambia anyamaze, amtetee. Ikimwambia asiende, aende, na amwombee dua. Mara ya kwanza atafanya kwa taabu. Mara ya kumi moyo utaufuata mkono.

Mtume (S.A.W.) ametueleza, katika hadithi ya Anas waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa hatimii imani ya mmoja wetu mpaka ampendelee nduguye analojipendelea nafsi yake. Twaisoma hadithi hii kwa watoto kila mwaka. Yatupasa tujiulize kama nyumba zetu na vyuo vyetu vimepangwa kwa namna ambayo mtoto ataweza kuifuata.

MASWALI YA DARASA

1. Ni ipi tofauti baina ya husuda na ghibta? Toa mfano katika masomo na katika mchezo wa mpira.

2. Nduguze Yusuf walitaka nini hasa, kwa mujibu wa aya ya 9? Je, kulikuwa na njia ya halali ya kukipata?

3. Kwa nini Khalil hakumhusudu mwenziwe, hali sababu zote zilikuwapo?

4. Kila mzazi aliyehudhuria na ajiulize nafsini mwake: ni jina la mtoto gani wa jirani ninalolitaja mbele ya mwanangu ninapomkasirikia? Na aliache kulitaja kuanzia leo.

Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo zetu na nyoyo za vijana wetu na kinyongo, na awaunganishe kama alivyowaunganisha Nabii Yusuf na nduguze baada ya kisima. Amin.